Kabla ufukie hiyo mbegu ya bangi kwenye mkebe wa rangi

Ziko nne kiganjani mwako. Ndogo, karibu saizi ya punje ya pilipili manga, rangi ya kijivu na kahawia, na ukizisogeza karibu na taa unaona michirizi kama ya ganda la yai la kware. Umezitoa kwenye shash ya wikendi. Kawaida huwa unazitupa, lakini leo umejiuliza: kwani nikipanda itakuwaje?

Tayari umetazama video tatu. Jamaa wa kwenye video ana hema jeusi, taa za zambarau, feni na kifaa cha kupima unyevu. Wewe una mkebe wa rangi wa lita nne, udongo wa kuchota kando ya barabara, na balkoni ya bedsita inayotazama ukuta wa ploti jirani.

Hesabu unayopiga naijua. Hutanunua tena. Hutakutana tena na msee usiyemjua kwenye kichochoro saa tatu usiku. Ni mmea mmoja tu, wa kwako, nani ataumia? Mimi niliipiga hesabu hiyo hiyo nikiwa mwaka wa pili wa diploma, Roysambu, orofa ya nne. Nitakueleza ilivyoenda. Lakini wacha tuanze na mbegu yenyewe, kwa sababu hata ukiweka karao kando kabisa, hiyo mbegu ina mambo yake ambayo jamaa wa video hakukuambia.

Bangi ni kama mpapai. Kuna dume na kuna jike, kila mmoja na mti wake. Kama umewahi kuishi ushago unajua uchungu wa mpapai dume: unaupalilia, unaumwagilia, unautolea mbuzi, kisha unatoa vimaua virefu vinavyoning'inia na hakuna papai hata moja. Mbegu za kawaida za bangi, karibu nusu huwa madume. Ukiitazama mbegu huwezi kujua. Mche ukiwa na majani kumi bado huwezi kujua. Mpaka uanze kuonyesha maua. Na ile kemikali inayolewesha, THC, hukaa hasa kwenye maua ya jike, ndani ya vinyweleo vidogo vyenye utomvu. Dume kazi yake ni kutoa chavua basi.

Tena hizo mbegu zenyewe kupatikana ndani ya shash ni ushahidi kwamba mama yao alichavushwa na dume fulani huko shambani. Baba hajulikani. Zimekaushwa, zikapondwa pamoja na majani, zikakandamizwa kwenye furushi, zikasafirishwa usiku chini ya mizigo ya lori. Unafikiri ni kwa nini inaitwa shash? Ni Shashamane, mji ulioko kusini mwa Ethiopia. Mama wa mbegu zako alisimama kwenye shamba wazi, jua la kutwa, mrefu kukuliko. Wewe unataka mtoto wake aishi kwenye balkoni inayopata jua kuanzia saa nne hadi saa sita kisha kivuli mpaka kesho. Atarefuka akilitafuta jua, awe mwembamba kama njiti ya kiberiti, kisha aanguke.

Na hizo kalenda za video zisahau. Bangi huhesabu urefu wa usiku ili ijue wakati wa kuchanua. Kule Ujerumani au Canada mchana wa kiangazi ni mrefu sana, usiku ukianza kurefuka mmea unaamka. Sisi tunaishi juu ya ikweta. Usiku wetu ni kama saa 12 Januari, saa 12 Julai. Unaposikia "mwezi wa tano fanya hivi, mwezi wa tisa fanya vile", huyo mtu haongei na wewe.

Halafu kuna harufu. Mche mdogo haunuki sana. Ukichanua ni hadithi nyingine, na familia ya kemikali zinazoleta harufu hiyo ndiyo ile ile iliyo kwenye mrehani na maganda ya ndimu, kwa hivyo si kitu cha kufunika na uvumba. Fikiria korido ya ploti yako. Jirani akikaanga omena nyumba namba 12 unajua. Akiungua maharagwe namba 3 unajua. Sasa wewe utaficha nini?

Hayo yote mimi sikuyajua. Mwenzangu wa chumba naye hakuyajua, ingawa aliongea kama profesa. Tuliitana Rumi, yeye kwangu na mimi kwake, na jina lake halisi halitatoka kwangu. Alifukia mbegu tano kwenye mkebe mmoja. Tatu zikamea. Nakwambia ukweli, ile asubuhi ya kwanza tulifurahi kama watoto. Vijani viwili vya mviringo, kisha vikafuata vile vyenye meno kama msumeno. Tukazipa majina ya wachezaji wa mpira. Sijui ni kwa nini kitu kinachoota kinampa mtu furaha hivyo, hasa ukiwa umeishi miaka miwili kwenye chumba ambacho hakuna chenye uhai ila wewe na mende.

Wiki ya tatu Rumi alienda kwao kumuona mamake. Akaniachia kazi. Nikamwagilia asubuhi, nikamwagilia jioni, kikombe kimoja cha plastiki. Nilifanya hivyo siku tisa. Kumbuka hicho kikombe, nitakirudia.

Siku mbili baada ya yeye kurudi, keateka aligonga mlango. Hakuwa anatafuta bangi. Sinki yetu ilikuwa inavuja hadi kwa wapangaji wa chini. Alitengeneza bomba, akaomba kutupa maji machafu kwenye mtaro wa balkoni, akatoka nje, akanyamaza. Aliporudi ndani hakusema kitu. Alitutazama tu, akabeba spana zake. Jioni walikuja polisi wanne.

Nilimchukia huyo keateka kwa muda mrefu. Nikaja kuelewa baadaye, wakati wakili aliponisomea kifungu.

Sheria yenyewe ni ile ya kudhibiti dawa za kulevya ya mwaka wa 1994. Wengi mtaani wanajua nusu yake tu. Wanajua kwamba siku hizi ukishikwa na msokoto "si noma sana", na kuna ukweli kidogo hapo. Mwaka wa 2022 Bunge lilibadilisha kifungu cha 3, kile cha kupatikana na bangi. Zamani hata kama ilikuwa ya matumizi yako binafsi ungeweza kufungwa hadi miaka 10. Sasa, ukiishawishi korti kwamba ilikuwa ya kwako pekee, ni jela isiyozidi miaka mitano au faini isiyozidi Sh100,000. Bado si mchezo, lakini ilipunguzwa.

Nusu ambayo watu hawaijui ni kifungu cha 6. Hicho kinahusu kukuza. Adhabu yake ni faini ya Sh250,000 au mara tatu ya bei ya mmea huo sokoni, kubwa kati ya hizo mbili, au jela hadi miaka 20, au vyote viwili. Na ukikisoma kifungu hicho juu chini hutapata ule mlango wa "ilikuwa ya kwangu mwenyewe". Ule mlango uko kwenye kifungu cha kupatikana nayo. Kwa mkulima haupo. Hakimu anaweza kukupa adhabu ndogo kuliko hiyo, lakini uko mikononi mwake.

Yaani msee anayeacha kununua msokoto ili apande "kidogo tu, kwa usalama" ametoka kwenye kosa dogo akaingia kwenye kosa kubwa. Hesabu yako ya kiganjani iko kinyume kabisa.

Kuna kitu kingine kilichonishangaza. Sheria hiyo inapofafanua bangi kama dawa, inazungumzia vilele vyenye maua au matunda, na inaacha nje mbegu na majani yakiwa peke yake. Nikaruka kitini. Miche yetu haikuwa na ua hata moja! Wakili akacheka, si kwa ubaya. Akanionyesha mstari wa chini: mmea wa bangi ni mmea wowote wa jamii hiyo, na huo ndio mmea uliopigwa marufuku kukuzwa. Haijalishi kama una maua au vijani viwili. Haijalishi kama ni dume lisilolevya hata panzi.

Sasa turudi kwa keateka. Kifungu hicho hicho kinamgusa pia mwenye nyumba, anayeishi ndani yake na msimamizi wake, kama wameruhusu mahali hapo patumike kukuza. Aliponyamaza pale balkoni alikuwa anafikiria watoto wake. Na neno hilo "anayeishi ndani" lilinigusa mimi. Mkataba wa nyumba ulikuwa na majina mawili.

Utaniambia: lakini dunia imebadilika. Imebadilika, ndiyo. Afrika Kusini, Mahakama ya Katiba iliamua Septemba 2018 kwamba mtu mzima anaweza kukuza na kutumia bangi faraghani kwake. Canada inaruhusu mimea minne kwa kila nyumba tangu Oktoba mwaka huo huo. California ni sita. Ujerumani, tangu Aprili 1, 2024, mtu mzima anaruhusiwa mitatu nyumbani. Hao ndio wanaotengeneza video unazotazama. Anayekufundisha yuko Berlin, amevaa soksi, anakunywa chai, na polisi akigonga mlango wake atakuwa anauliza kuhusu baiskeli iliyoibwa. Hajakuongopea. Hajui tu kwamba wewe uko Umoja.

Hapa kwetu mambo yamejaribiwa pia. Marehemu Ken Okoth, aliyekuwa mbunge wa Kibra, alikuja na pendekezo la mswada mwaka wa 2018, akafariki Julai 2019 kabla halijafika popote. Mwaka wa 2022 George Wajackoyah aliigeuza bangi kuwa ajenda ya kuomba urais, tukacheka, tukaimba, tukavaa fulana, kisha siku ya kura akamaliza wa tatu kati ya wagombea wanne akiwa na kura kama 62,000 hivi nchi nzima. Marasta ndio waliochukua njia ngumu zaidi. Mahakama Kuu ilikuwa imeshatambua mwaka wa 2019 kwamba Urasta ni dini, na mwaka wa 2021 wakarudi kortini wakitaka waruhusiwe kuitumia bangi katika ibada zao. Mimi nawaheshimu kwa hilo kuliko wanaharakati wote wa mtandaoni. Waliweka majina yao kwenye karatasi. Lakini kufungua kesi si kushinda kesi, na karao anayepanda ngazi za ploti yenu habebi ombi la Marasta mfukoni. Anabeba kifungu cha 6.

Usiku ule walituweka seli moja. Sitakueleza seli, kila mtu ana hadithi yake ya seli. Asubuhi wakatuita mmoja mmoja. Rumi aliingia kwanza. Alipotoka alinipita bila kunitazama, na nilipoingia mimi afisa akaniambia mwenzako amesema ni yake peke yake, wewe hukujua hata ni mmea gani.

Ningeweza kusema kitu. Kikombe cha plastiki kilikuwa bado kipo pale nyumbani kando ya mkebe. Siku tisa, asubuhi na jioni. Kumwagilia ni kukuza, hata bila wakili unajua hivyo. Nilinyamaza, nikatia sahihi kitabuni, nikarudishiwa mkanda na kamba za viatu.

Kesi ilichukua miezi saba. Miche yetu ilipelekwa kwa Mkemia wa Serikali ili ithibitishwe ni bangi kweli, na tarehe zikawa zinasogezwa. Mkebe wa rangi ulifika kortini kama kielelezo, umefungwa karatasi, na kiongozi wa mashtaka akauinua juu watu wote wauone. Ulikuwa bado na alama ya rangi ya krimu pembeni. Watu wakacheka. Mamake Rumi hakucheka. Alikuwa amepanda matatu usiku kutoka magharibi na alikuwa amevaa nguo ya kanisani.

Pesa zangu za karo za semista ile, ambazo shangazi alikuwa amenitumia, ziliingia kwenye dhamana ya Rumi. Ndicho kitu cha pekee nilichofanya. Hatimaye alikiri, akapigwa faini, dhamana ikahesabiwa humo, na kilichobaki kikalipwa na ng'ombe wa maziwa. Yule ng'ombe ndiye alikuwa akimlipia Rumi chuo. Kwa hivyo hakurudi chuo, na mimi pia sikurudi, na shangazi hadi leo anadhani nilifeli.

Lakini faini siyo iliyomuumiza zaidi. Miaka miwili baadaye alipata nafasi ya kazi ya ulinzi Qatar. Mahojiano akapita, pasipoti ikatoka. Wakamwambia alete cheti cha tabia njema kutoka DCI. Wewe na mimi tunajua hicho cheti: unapeleka alama za vidole, unasubiri. Cha kwake kilitoka kikiwa na ile kesi ndani. Wakala hakumpigia tena. Siku hizi Rumi ni mwanabodaboda kwao, na ni mzuri, ana pikipiki yake. Ila anapoulizwa kwa nini hakwenda majuu na wenzake, husema hapendi joto.

Kama umekwama tayari, yaani unasoma haya na mkebe uko pale nje, sitajifanya mamako. Ila haya ni yako kwa mujibu wa Kifungu cha 49 cha Katiba, yashike hata kama hutapanda kitu maisha yako yote: ukikamatwa lazima uambiwe sababu, kwa lugha unayoielewa. Una haki ya kunyamaza. Una haki ya kuzungumza na wakili. Lazima ufikishwe kortini ndani ya saa 24, au kama saa hizo zimeishia nje ya muda wa korti, siku ya korti inayofuata. Na mtu asikwambie "kubali tu, mambo yaishe haraka" kabla hujajua unakubali kifungu gani. Rumi aliambiwa hivyo na mahabusu mwenzake seli, siku ya kwanza, na karibu akubali. Na kama shida yako si kupanda bali ni kwamba huwezi kulala bila kuvuta, NACADA wana laini ya simu ya bure, 1192. Si polisi wanaopokea.

Bado napanda, lakini. Nilikuambia ile furaha ya kijani cha kwanza siielewi, na haikuisha. Nilianza na dhania nikafeli, kwa sababu hakuna aliyeniambia kwamba kile kipunje cha mviringo ni mbegu mbili zilizoshikana, unakipasua taratibu kabla ya kupanda, kisha unasubiri hata wiki mbili bila kufukua fukua. Sukuma wiki huibuka ndani ya wiki moja lakini inataka ndoo kubwa na itakuletea vidukari. Kwa balkoni ya kivuli kama yako na yangu, terere ndiyo haijawahi kuniangusha. Mbegu zake ni kama chembe za baruti nyeusi. Unazinyunyiza juu, unazifunika na udongo mwembamba, usizizike. Zinatoka kwa siku chache, na baada ya wiki tatu, nne, unachuma majani huku mengine yakiota. Pakiti moja ya mbegu za dukani ni bei ya soda, na inajaza mikebe zaidi ya uliyo nayo. Toboa mkebe chini. Watu husahau kutoboa.

Desemba iliyopita Rumi alikuja Nairobi kuleta abiria hospitalini, akalala kwangu. Nilikuwa na mikebe mitatu ya rangi nje, terere imeshonana, kijani kweli kweli. Alipofungua mlango wa balkoni kuanika kofia ya pikipiki alisimama pale pale, mkono kwenye komeo.

"Hiyo ni nini?"

"Terere."

Aliinama, akachuma jani moja, akalisugua kati ya vidole, akalinusa. Akalinusa tena. Kisha akaingia ndani akaketi, na baada ya muda akaniuliza kama nina unga.